Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye ufunguo wa mnara wa Kigomasha

Kwako Mheshimiwa,

Assalamu alaykum.

YAH: UFUNGUO

Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na jamaa zako wote. Sisi huku hatujambo, ila miguu. Nakuandikia hadharani kwa sababu nimekwisha kukuandikia faraghani mara tatu, kuomba wanafunzi wangu wapande mnara wa Kigomasha, ule wa taa ya kuongozea meli. Barua ya kwanza ilikuwa na muhuri wa skuli. Ya pili ilikuwa na muhuri wa skuli na wa sheha. Ya tatu ilikuwa na mihuri yote hiyo pamoja na picha yangu ya pasipoti, ambayo niliambiwa niiambatishe. Mpaka leo sijajua uso wangu unahusiana nini na mnara. Zote tatu zimepokelewa. Ushahidi ninao, maana kila safari dada wa masjala alinigongea kwenye nakala yangu neno IMEPOKELEWA kwa wino wa buluu, tena kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Kwa kupokea, ofisi yako haina mpinzani.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika skuli moja ya kusini mwa Pemba. Jina langu unalo, mara tatu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kigomasha. Tulikuwa wanafunzi 43 wa Kidato cha Pili, walimu 2, na mama mmoja wa kamati ya skuli aliyepakata ndoo ya vitumbua njia nzima ili isivamiwe kabla ya wakati. Kila mtoto alichanga shilingi 4,000. Ukiziona ndogo, Mheshimiwa, ujue kuna mzee aliyeleta nazi 12 badala ya pesa, nikazipeleka sokoni mwenyewe, na kuna mama aliyelipa kwa mafungu manne, kila Ijumaa elfu moja.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Kwenye ramani Pemba ni kisiwa kidogo, lakini ukikipita kutoka kusini hadi ncha ya kaskazini ndani ya gari yenye viti vya mbao, na vile vilima vyetu vya panda-shuka, kinakua. Konde tukanunua maji. Baada ya Konde njia ikaingia msitu wa Ngezi na kelele zikakatika zenyewe. Hata wale wa nyuma waliokuwa wakiimba tangu Chake Chake walinyamaza, wakawa wanaitazama mivule. Nikawaambia habari za popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana kwingine duniani isipokuwa kisiwa hiki. Tukatokea upande wa pili kwenye jua kali. Pwani ya Verani huku, ya Vumawimbi kule, na mbele yetu mnara.

Sasa nikukumbushe jinsi tulivyofika hapo bila karatasi, kwa sababu najua hilo ndilo swali lako la kwanza. Jumatano ya wiki ile nilipigiwa simu kutoka ofisini kwako. Sauti ilikuwa ya adabu sana. Ikaniambia tuende tu, mlinzi ameshapewa taarifa. Niliuliza kama nije nichukue barua. Nikaambiwa hakuna haja ya kujisumbua, Mwalimu. Nilifurahi kama mtoto, nikawatangazia wanafunzi mstarini, na nilipomaliza nilipigiwa makofi ambayo sijapigiwa tangu nianze kusomesha.

Mlinzi hakuwa na taarifa.

Nataka ieleweke kwamba simlaumu mlinzi. Alitupokea vizuri, akatutafutia kivuli, akatuchotea maji. Lakini alituambia kwamba amri aliyonayo ni kutomruhusu mtu kupanda bila karatasi, na karatasi yenyewe haitoki kwenye ofisi yako, bali kwenye ofisi nyengine, maana taa ni ya watu wa vyombo vya bahari na jengo ni la watu wa mambo ya kale, na yeye mwenyewe mshahara wake anaupokea kwa watu wa tatu. Nikaipiga ile namba ya Jumatano. Haipatikani. Nikaipiga tena. Nilipiga mara 17, Mheshimiwa. Simu yangu imehifadhi. Kule ofisi nyengine ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kwenye ofisi zetu unaijua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa mfukoni mwake, umefungwa kwa kipande cha mshipi wa kuvulia pamoja na kidude cha ndara kuukuu, kile cha kufanya ufunguo uelee ukianguka majini. Kila akitembea ulilia. Watoto 43 walikuwa wanausikia. Mwanafunzi mmoja, mkorofi kidogo lakini mwenye akili, akamuuliza kwa nini asifungue tu halafu atazame pembeni. Yule baba akacheka, kisha akaniambia mimi, si mtoto: "Mwalimu, mimi kibarua. Ukiniona na ufunguo usidhani nina mnara."

Basi tukakaa chini. Nilikuwa nimeandaa somo la juu, nikalisomesha chini.

Wacha nikueleze somo lenyewe, maana huenda mtu ofisini kwako anafikiri tulitaka kupanda ili tupige picha. (Na picha tungepiga. Ni dhambi?) Mtu mzima akisimama pwani, maji yakimlamba vidole, upeo wa macho yake uko kama kilomita 4 na nusu tu. Ukimpandisha mpaka jicho lake liwe mita 30 juu ya bahari, anaona karibu kilomita 20. Ndiyo siri yote ya kujenga taa kwenye rasi na kwenye kilima. Dunia ni duara na inaficha. Ukitaka isikufiche, panda. Nimelisema hilo darasani miaka mingi kwa chaki na chungwa. Safari hii nilitaka walione kwa macho yao: kwanza wautazame mstari wa bahari kutoka mchangani, kisha wautazame kutoka juu, waone ulivyosogea. Tulibeba kamba ya mita 40 niliyoipiga fundo kila mita, tuiteremshe kutoka juu mpaka chini tupate urefu wa kweli, sio wa kubahatisha. Kamba ile imerudi na fundo zake zote, kavu.

Tulijaribu kuupima mnara kwa kivuli, kwa fimbo na hesabu ya pembetatu. Mawingu yakaingia, yakatoka, yakaingia. Kila kundi lilipata jibu lake, na baina ya jibu dogo na kubwa ungeweza kuujenga mnara mwengine.

Halafu binti mmoja akaniuliza swali ambalo bado linanikaa kooni. Mwalimu, juu pale tungeiona milima ya Usambara? Nikamwambia tufanye hesabu. Kilele cha mita 1,000 chenyewe kinaonekana kutoka kilomita 113 hivi kwa mtu aliye usawa wa maji; ongeza zile karibu 20 za kwetu. Kutoka Kigomasha mpaka vilele vya karibu vya Usambara, nyuma ya Tanga, ni kama kilomita 100 na kidogo. Kwa hiyo hesabu inasema ndiyo, siku isiyo na utandu, ng'ambo ya mkondo wote ule wenye kina cha mamia ya mita, mtoto wa Pemba angeweza kuiona milima ya bara kwa macho yake. Akasema, basi twende tukaone. Nikamjibu nini? Jibu lilikuwa juu ya ngazi.

Yule binti akaondoka akauendea mnara, akaweka sikio kwenye chuma na kuugonga kwa kidole. Ukalia kama sufuria tupu. Akagonga tena, akasikiliza, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. Wenzake wakafuata, wote wakawa wameegesha masikio, na mlinzi hakuwakataza, kwa kuwa amri haikusema lolote kuhusu masikio.

Mnara ule ni wa chuma cha kusubu na ulisimamishwa mwaka 1900, miaka 10 tangu Waingereza waiweke Zanzibar chini ya himaya yao, Sultani akiwa Hamoud bin Mohammed. Hiyo ni miaka mitatu tu baada ya utumwa kufutwa kisheria visiwani, 1897. Yaani kuna bibi wa bibi wa hawa watoto aliyeiona taa ile ikiwashwa mara ya kwanza, huenda na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mtu mpaka juzi yake. Umekula chumvi na upepo wa kaskazi na kusi zaidi ya karne na bado umesimama. Mdogo wake wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa 1904, watu wanakwenda na kupanda na kushuka salama. Sembuse magofu ya Pujini, ngome ya kale hapahapa Pemba. Mkama Ndume, mtawala wake, ambaye wazee wanasimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio, amefariki karne nyingi zilizopita na leo ngome yake inaingilika bila kubembeleza. Ukali wake ulikwisha. Wa kwetu bado unatafuta sahihi.

Niliwasimulia pia habari ya Afrika Kusini, pale Cape Point. Taa ya kwanza iliwashwa mwaka 1860 juu kabisa ya kilima, zaidi ya mita 200 kutoka bahari. Waliojenga walidhani kadiri inavyokuwa juu ndivyo inavyofaa. Kumbe ukungu na mawingu vilikuwa vinaifunika, meli zilizo chini hazioni kitu. Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno iitwayo Lusitania ikapanda mwamba palepale chini yake. Wakakubali kosa, wakajenga taa nyengine chini, mita 87 tu kutoka usawa wa bahari, ikaanza kazi 1919. Ile ya zamani wakaiacha juu, na leo watu kutoka kila pembe ya dunia wanapanda kilima kwenda kuitazama taa iliyoshindwa. Mwanafunzi akauliza: hiyo iliyoshindwa inapandika, hii yetu inayofanya kazi je? Nikamwambia akae vizuri.

Labda, Mheshimiwa, mna sababu. Nimejaribu kukufikiria mema. Labda ngazi zimeliwa na kutu na mnaogopa mtoto asije akaanguka. Basi semeni, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwazuia. Labda ni usalama wa taa yenyewe, ambayo vyombo vinaitegemea usiku. Hilo nalo nalielewa, sisi ni watu wa bahari. Labda ofisi tatu zinagombania ufunguo mmoja na kila moja inaogopa kuonekana imeutoa. Barazani kwetu wana maelezo yao mengine, kwamba anayelipa kwa dola hasubiri karatasi. Mimi sikuona, kwa hiyo sisemi. Ila ofisi ikinyamaza, baraza linasema, na baraza halina masjala.

Wewe mwenyewe ulikuja skuli kwetu. Najua unakwenda skuli nyingi, nikusaidie: ni siku ile ya kukabidhi madaftari, mvua ilinyesha, turubai likakulowesha bega la kulia. Ulisimama ukasema kwamba mambo ya kale ni ya watoto hawa kabla hayajawa ya wageni, na kwamba milango itakuwa wazi kwao. Uliutaja mnara wa Kigomasha kwa jina lake. Hatukukuomba uutaje. Nilipiga makofi mpaka saa ikanilegea mkononi. Nikarudi darasani nikawaambia wanafunzi wa mwaka ule wajiandae. Wale wamekwisha maliza skuli, Mheshimiwa. Mmoja ana mtoto.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ikiwa njiani kuja huku kwetu. Pemba hakuna mtaa usioujua usiku ule. Darasani kwangu yupo mtoto aliyezaliwa mwaka huo na baba yake hamjui. Sisemi taa ingeiokoa. Meli ilijazwa kupita kiasi, na hilo halikuwa kosa la taa. Nasema kwamba huwezi kumlea mtoto kwenye kisiwa ambacho bahari inachukua watu namna ile, halafu ukamwambia mahali pa kuitazama bahari kutoka juu panahitaji picha ya pasipoti.

Tulikula vitumbua saa sita. Tukashuka Verani watoto wakaoga, na hapo, alhamdulillahi, walikumbuka kwamba wao ni watoto. Kurudi, gari likapata pancha kabla ya Konde, na jeki ilikuwa ya kuazima. Tulifika skuli baada ya Isha. Wazazi walikuwa wamesimama nje na tochi za simu. Mzee wa zile nazi 12 akaniuliza, mnara mmeuona? Nikasema tumeuona. Akauliza, na ndani? Nikanyamaza. Akasema, basi mwalimu, hata mimi nauona, kila nikienda kuvua huko.

Tangu siku hiyo jina langu mtaani ni Mwalimu Mnara. Nikipita barazani wanapocheza dhumna, mmoja hupiga hodi kwenye ubao kwa kidole, ko-ko-ko, na wengine wanaegesha masikio. Wazazi watatu wanadai pesa zao, na kwa kuwa pesa imekwisha kwenye gari na mafuta, nimewarudishia elfu mbili mbili kutoka kwenye mshahara wangu, ambao kiasi chake ofisi yako inaweza kukisia. Mke wangu haniulizi tena kuhusu Jiografia. Ananiuliza kuhusu unga.

Nilipoianza barua hii nilikuwa na madai mengi. Nilitaka mtu wa kuongoza wageni aliyesomea historia ya mahali. Nilitaka kibao chenye maelezo, kwa Kiswahili kwanza. Nilitaka choo. Nilitaka skuli zote za Pemba zipewe siku yao kila mwaka bila malipo. Nikayaandika yote, nikayasoma, nikayafuta, kwa sababu naijua barua yenye madai manne inapopelekwa: kwenye kamati. Nikapunguza zikabaki Jumamosi mbili tu kwa muhula. Nazo zingehitaji kikao.

Basi nimebakisha dai moja. Naomba karatasi. Karatasi moja, ya kawaida, ibandikwe kwenye mlango wa mnara, iseme nani anatoa ruhusa, ofisi ipi, siku zipi, kiasi gani kwa mwanafunzi, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea. Kama jibu ni kwamba watoto wa Pemba hawapandi, liandikwe hilohilo, kwa herufi kubwa, na utie sahihi yako chini, ili siku nyengine nisiwatoe watu vitandani Alfajiri kwa sababu ya sauti ya adabu kwenye simu. Na nakala moja ya karatasi hiyo apewe yule baba mwenye ufunguo. Ana haki ya kujua anacholinda.

Ni karatasi tu, Mheshimiwa. Hata hii ya tatu uliyonipokelea, nyuma yake ni nyeupe.

Gundi nitaleta mwenyewe.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Jiografia

Nakala:
Ubao wa matangazo wa skuli.
Barazani, isomwe kwa sauti.